Kiongozi wa Bure

Kinyozi huyu watu walimwita Jiji, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alijipatia mwenyewe, kwa mdomo. Ukikaa kwenye kiti chake cha dirishani, ukalaza kichwa nyuma, akakupaka povu mpaka masikioni, basi umekwisha: utasimuliwa jiji kubwa mpaka ulijue kuliko nyumba yako. Utasikia habari za daraja lenye taa pande zote mbili. Utasikia mnara wa saa ambao wageni huupanda kwa lifti, na hoteli ambayo yeye Jiji, kwa mkono huuhuu, alinyoa mawaziri na wapiga tarumbeta miaka sita. Walikuwapo wateja waliokuwa na shaka zao. Lakini nani atabishana na mtu aliyemwekea wembe kooni? Wakasikiliza, na kwa kusikiliza wakazoea, na kwa kuzoea wakaamini. Jiji hakuwa na nyumba ya maana, hakuwa na shamba, na saluni haikuwa yake. Heshima yake yote ilikuwa hiyo tu, kwamba aliwahi kukaa jijini.

Na kukaa alikaa, hilo si uongo. Hata hotelini alikaa. Ila alikaa chini yake. Alikuwa mfuaji wa mashuka, katika ukumbi usio na dirisha chini ya ardhi, kati ya mashine na mabomba ya mvuke, na yeye na wenzake walilala hukohuko nyuma ya mashine. Mwajiri alivifungia vitambulisho vyao kabatini, na askari wa mitaani hawakuwa na mchezo na mtu asiye na kitambulisho, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kutoka. Aliingizwa kwa mlango wa nyuma akiwa kijana. Alipotolewa, alipandishwa gari kwenye mlango huohuo akapelekwa stendi kabla hakujakucha. Kunyoa alijifunzia mlemle, kwa vichwa vya wafuaji wenzake.

Sasa mtu aliyefungiwa hivyo hadithi alizitoa wapi? Nyingine zilitoka mifukoni mwa watu. Wageni husahau vitu ndani ya suruali: tiketi za mnara, tiketi za makumbusho, na siku moja ramani nzima ya jiji, ambayo Jiji aliikuta mashine imeshamaliza kazi yake. Aliianika juu ya bomba la mvuke. Ikakauka kama ubao, mikunjo ya katikati imegandamana, naye hakuthubutu kuibandua isije ikachanika. Akaikariri vilevile ilivyo.

Lakini hadithi zenyewe hasa, zile zenye watu ndani yake, zilitoka kwa mlinzi wa geti la nyuma. Kila jioni Jiji alipandisha mapipa ya taka mpaka uani, na mlinzi alimngojea na chai. Walikuwa na vikombe viwili vya bati, cha mlinzi cheupe na cha Jiji cha buluu, kilichobanduka rangi kwenye mkono. Mlinzi alimwita Sabuni, kwa vile harufu yake ilitangulia kufika kabla yake. Jiji alimwita Baba. "Leo darajani taa ya saba imekufa, Sabuni," mlinzi angeanza. "Leo mnarani bibi harusi kapanda juu akakataa kushuka. Wamemshusha kwa..." Hapo angenyamaza, akanywa funda moja, akakutazama mpaka roho ikuume, ndipo amalizie. Jiji alijifunza kwake hata kule kusita. Kila alichosimulia kwenye kiti cha dirishani kilikuwa mali ya mtu yule, na hakuna siku hata moja aliyomtaja.

Basi, wateja wake watatu wakaja na lao. Wa kwanza alikuwa Shemeji, kaka wa mkewe, muuza misumari na mabati, mtu mwenye mkono wa birika kweli kweli. Wa pili Fundi Saa, aliyekuwa na kibanda mkabala na saluni na asiyesema sana. Wa tatu Muuza Viatu, mtu wa mitumba, ambaye hajawahi kukipita kitu kilichochakaa lakini bado kinafaa bila kukiokota. Walisikia kampuni ya mabasi imeshusha nauli. Wakaamua na wao wakatalii, wakalione hilo jiji kabla hawajafa, ila kwa gharama za watu wenye akili zao.

"Mkate na mayai ya kuchemsha tunabeba nyumbani," alisema Shemeji, amejilaza kwenye kiti, povu limemfika puani. "Kulala, tunatafuta gesti, chumba kimoja watu wanne. Na kiongozi wa watalii wa nini, na sisi tuna mwenye jiji nyumbani?"

Wembe wa Jiji ulisimama shavuni. "Mgongo wangu, shemeji. Basi la masafa yale..."

"Mgongo utakaa kiti cha mbele."

Akajitetea kwa mgongo, akajitetea kwa msiba wa jirani, akajitetea kwa mwenye saluni kwamba hatampa ruhusa. Mwenye saluni akampa ruhusa na baraka juu. Mwisho mkewe ndiye aliyemfungia begi. Yule mama alikubali kuolewa na kinyozi asiye na kitu kwa sababu ya daraja lile na taa zake. "Nenda kawaoneshe, baba," alimwambia. "Kila siku kaka ananiuliza kama ni kweli." Jiji akalichukua begi. Angefanyaje? Akiwa na bahati, alijisemea, daraja litakuwa daraja na mnara utakuwa mnara. Akikosa bahati, atarudi kwenye kiti cha dirishani akiwa kinyozi tu, kama kinyozi mwingine yeyote, na mkewe atajua aliolewa na mfua mashuka mwongo.

Walifika asubuhi. Gesti aliyosema anaijua haikuwapo, naye akasema imebomolewa. Wakapata nyingine nyuma ya stendi: chumba chenye vitanda viwili, na dirisha linalotazama ukuta kwa karibu hivi kwamba Muuza Viatu alitoa mkono akaupapasa. Shemeji alifurahi kwa ubahili uliotimia. Wakajaza chupa zao maji ya bomba, wakagawana mayai, wakatoka kwa miguu. Jiji alitangulia. Alikuwa amevaa koti lake la sikukuu, na kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka mgongoni.

Daraja likamwokoa. Lilikuwepo, palepale ramani iliposema, na taa zake pande zote mbili. Jiji alitaka kulia. Mara ulimi ukafunguka, akawaonesha taa ya saba, akawaambia jinsi ilivyokufa mwaka fulani na jinsi gizani pale palivyotokea wizi wa mkoba. Wenzake wakaitazama ile taa kwa heshima. Shemeji akapigwa picha akiwa ameishika.

"Na mnara?" aliuliza Fundi Saa.

"Mnara huu hapa tu. Tukimaliza kuvuka, mkono wa kulia, nyuma ya bustani."

Aliongea kwa uhakika wote, maana ndivyo ilivyokuwa kwenye ramani yake: daraja, kidole kimoja cha bustani, mnara. Wakavuka. Mkono wa kulia palikuwa na uzio wa mabati, na nyuma ya uzio magari mabovu. Jiji akatazama kushoto. Akatazama nyuma. Ndipo alipouona, mbali sana, ng'ambo ya mapaa yasiyohesabika, mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Akaelewa yote kwa mara moja. Ile mikunjo iliyogandamana ilikuwa imeimeza nusu ya jiji. Miaka yote hii amekuwa akiwasimulia watu jiji lisilo na katikati.

Mtu mwenye akili timamu angecheka, akasema jamani nimesahau, miaka mingi. Wangemsamehe. Lakini Jiji alikuwa amezoea watu walioshikiwa wembe kooni.

"Wameuhamisha," alisema.

"Mnara?" Fundi Saa aliuliza taratibu.

"Walipopanua barabara. Walikuwa wanazungumzia kuuhamisha tangu wakati wangu."

Fundi Saa alikuwa na simu yenye ramani, simu ya mwanawe, nayo ilieleza kila kitu, hata mwaka mnara ulipojengwa na kwamba tangu hapo haujasogea hata unyayo. Aliisoma kimya kimya akiwa amekaza jicho moja, kama anavyotazama tumbo la saa. Kisha akampa Shemeji. Shemeji akampa Muuza Viatu. Laiti Jiji angegeuka wakati ule angeziona nyuso tatu zikijaa furaha mbaya kabisa, furaha ya watu wazima waliopata kitu cha kuchezea. Hakugeuka. Alikuwa anaitazama barabara, akijiuliza waanzie wapi.

"Serikali ikiamua, itashindwa nini," alisema Shemeji kwa upole. "Tuongoze, shemeji."

Kuanzia hapo wakamvika kilemba cha ukoka. Walimfuata nyuma kama kondoo. Kila alipopotea, walipotea naye kwa adabu. Walimwacha awazungushe mtaa mmoja mara tatu, wakamsifu kwa njia za mkato. Na kila walipochoka walimtupia swali.

"Ule uwanja wa Farasi Watatu uliotuhadithia, uko upande gani?" aliuliza Muuza Viatu.

Jiji hakuwahi kuhadithia farasi hata mmoja. "Ule. Waliufunga."

"Maskini. Na yule mzee mwenye kasuku anayetaja majina ya wapita njia?"

"Alikufa yule."

"Mzee au kasuku?"

"Wote wawili," alisema Jiji, na Muuza Viatu ikabidi ainame kufunga kamba za viatu, akakaa pale chini muda mrefu, mabega yakimtikisika.

Ni ukatili, lakini Jiji naye aliurahisisha. Alikuwa hajawahi kuona wasikilizaji watiifu kama wale, na badala ya kuogopa akaanza kujisikia vizuri. Akapanua kifua. Chini ya mnara, walipoufikia kwa taabu na malengelenge, Shemeji alisema tiketi ya lifti ni upuuzi kwa watu wenye Jiji. "Wewe umepanda mara ngapi? Tusimulie tu, sisi tutafumba macho." Wakafumba macho kweli, wamejipanga ukutani, na Jiji akasimama mbele yao akawasimulia jiji linavyoonekana kutoka juu. Watalii wenye tiketi walipita wakimkodolea macho. Msichana mmoja alidhani ni ombaomba, akamwekea sarafu mkononi. Jiji akaitia mfukoni ili asikatize hadithi, akaendelea, na bibi harusi akakataa kushuka, akashushwa kwa kamba ya kengele. Alisimulia vizuri. Hata Fundi Saa alifumbua jicho moja kumtazama.

Walipomaliza mkate, Shemeji akajipangusa mdomo. "Sasa hotelini kwako."

"Hotelini pamebadilika sana."

"Tutaona yaliyobadilika."

Hoteli Jiji aliipata kwa kuuliza, akijifanya anaomba maji. Mlango wa mbele hakuwahi kuuona maishani mwake. Ulikuwa wa vioo vitupu, na mbele yake amesimama bawabu aliyevaa glavu nyeupe, aliyewatazama kuanzia ndala mpaka kofia na kuwaonesha barabara kwa kidole kimoja bila kufungua mdomo. Jiji akashusha pumzi. Alikuwa ameshajiandaa: utawala mpya, saluni imeondolewa, vinyozi wa zamani wote wametawanyika. Alipotaka kugeuka aseme hivyo, ndipo alipoona ndani ya kioo cha mlango, kwa nyuma yake, Muuza Viatu amevimbisha mashavu kwa kicheko, na Shemeji anamkonyeza Fundi Saa.

Hakujua wanajua kiasi gani. Alijua tu kwamba wameanza kujua, na kwamba sasa hata jambo dogo likienda upande usiofaa, amekwisha.

"Tuzunguke nyuma basi," alisema Shemeji. "Huko kwenye wafanyakazi hawawezi kumsahau mtu kama wewe."

Uchochoro wa nyuma hakuuliza. Miguu iliujua. Bomba la mvuke lilikuwa bado linapumua kutoka ukutani usawa wa goti, na harufu ya sabuni na joto la mashuka ikampiga usoni mpaka akasimama. Chini ya unyayo wake mashine zilikuwa zinanguruma. Kuna watu mle, alifikiri, sasa hivi. Halafu akaona kiti getini, kiti kilekile, kimefungwa kamba pale kilipovunjika mguu, na juu yake mzee aliyekula chumvi nyingi, koti la ulinzi limemzidi mabega.

Mzee aliinua kichwa kabla hawajafika. Alinusa, au labda alisikia hatua. Akainuka kwa kushikilia geti.

"Sabuni," alisema. "Sabuni wangu."

Jiji aliona kila kitu kwa wakati mmoja: mikono ya mzee iliyonyooshwa, na nyuma yake watu watatu walioacha kupumua ili wasikose neno.

"Umenifananisha, mzee," alisema.

Mlinzi akacheka, kicheko cha mtu anayejua utani wa mwanawe. "Nikufananishe na nani? Masikio hayo? Ngojeni." Akawageukia wageni, uso umemng'aa. "Nyinyi ni nduguze? Karibuni, baba zangu. Huyu niliishi naye miaka sita. Yeye chini, mimi juu. Nilikuwa namwambia, Sabuni, siku ukitoka nitakushika mkono nikuoneshe mwenyewe. Siku ya kutoka wakamwondoa mie sipo." Akaingia kibandani mwake, akapekua, akatoka na kikombe cha bati cha buluu kilichobanduka rangi kwenye mkono. "Wamenihamisha geti mara mbili, wakanirudisha hapa. Nimehama nacho."

Akamtia mkononi. Kilikuwa kimeoshwa.

"Chini wapi, mzee?" aliuliza Shemeji kwa sauti tamu. "Alikuwa anafanya nini huko chini?"

Mzee akafungua mdomo. Naye, kwa mazoea yake, kabla ya kusema akasita.

Kusita huko kukampa Jiji nafasi. "Sikujui," alisema kwa nguvu, akakitupa kikombe. Kililia kwenye sakafu ya saruji, kikabingirika mpaka kwenye mfereji. "Wewe mzee sikujui, niachie."

"Sabuni, mimi Baba..."

"Niachie mfuko wangu. Jamani, huyu mtu ananitia mkono mfukoni. Mnamwona? Ndivyo wanavyofanya hawa, wanajifanya wanakujua."

Alikuwa hajapanga kulisema hilo. Lilitoka tu, na lilipokwisha kutoka akalishikilia, akalirudia kwa sauti ya juu zaidi, kama mtu aliyeanza kuteremka mlima akashindwa kujizuia. Mlango wa chuma ukafunguka, akatoka msimamizi, kijana wa tai na redio ya mkononi. Akauliza kuna nini. Jiji akamwambia. Akamwambia wao ni watalii, wamekuja kulitazama jiji kwa amani, na mlinzi wenu anatuibia.

Msimamizi alishusha pumzi ya mtu aliyekuwa akitafuta sababu muda mrefu. "Tulikwambia, mzee. Tulikwambia ukianza kusumbua wageni basi." Kisha akawageukia wale watatu. "Nanyi mmeona?"

Hapa msimame niwaambie. Watu watatu wazima, kila mmoja na familia yake, walijua. Tangu darajani walijua Jiji ni mwongo, na sasa walijua mzee anasema kweli. Fundi Saa alitazama saa yake. Muuza Viatu alitazama kikombe mferejini. Shemeji alisema, "Sisi ni wageni tu hapa." Neno moja lingetosha, na hawakulitoa, kwa sababu mchezo ulikuwa bado haujaisha na walitaka kuona Jiji atafika wapi nao.

Mzee alimtazama Jiji. Alitazama koti la sikukuu, akawatazama wale watatu, akarudi tena kwenye uso wa Jiji, na hapo taratibu akaelewa mwanawe anaogopa nini. Mtu mwingine angelia, angeapa. Yeye alijinyoosha mgongo.

"Ni kweli, bosi," alimwambia msimamizi. "Nimemfananisha. Macho yamechoka."

"Na mfukoni?"

Mzee akakubali kwa kichwa. "Na mfukoni," alisema.

Wakamvua koti palepale uchochoroni. Msimamizi alifungua vifungo mwenyewe, kwa sababu vidole vya mzee vilikuwa vinachelewesha. Ndani alikuwa na fulana yenye matobo. Kazi ya maisha yake yote ikamwagika kwa muda mfupi kuliko wa kunyoa kidevu. Jiji hakutazama mpaka mwisho. Alishika njia ya kutokea akiwa mbele, kiongozi bado, na nyuma yake alisikia hatua za wenzake, zimetimia zote tatu, ila moja ilichelewa kidogo karibu na mfereji.

Jioni hiyohiyo walichukua basi la kurudi. Hakuna aliyetaka kulala kwenye kile chumba chenye ukuta, wala aliyesema kwa nini. Jiji alikaa kiti cha mbele kwa ajili ya mgongo wake. Alijisikia amepona, namna mtu anavyopona jino likishang'olewa, ulimi unaenda penye shimo kila saa. Walipoacha taa za mwisho akageuka nyuma.

"Mmewaona wezi wa mjini," alisema. "Ndiyo maana siku zote nawaambia."

Fundi Saa, yule asiyesema sana, akasema, "Tulijua tangu darajani, Jiji."

"Mlijua nini?"

"Mnara hauhami. Tulikuwa tunakucheka tu. Tungefika nyumbani, tungecheka wiki mbili, yangekwisha."

Jiji aliwatazama mmoja mmoja. "Kwa nini hamkusema? Pale getini, kwa nini hamkusema?"

"Tungekunyima utamu wako," alisema Shemeji, akavuta kofia machoni akalala.

Alitarajia asubuhi wamtangaze. Alishuka basi akiwa tayari, alilala akiwa tayari, na kesho yake alifungua saluni kama mtu anayefungua mlango wa mahakama. Wapi. Mkewe alikuwa na furaha tele, maana kaka yake alishampitia na kumwambia kwamba yote ni kweli, daraja, mnara, hoteli, na kwamba mumeo kule anajulikana mpaka na walinzi. Jiji alisikia hilo akakosa pa kuweka mikono.

Wale watatu wakaja saa wanazokuja siku zote. Saluni ilikuwa imejaa, watu wamekaa mpaka kizingitini kungojea habari za safari. Muuza Viatu akatoa kitu kwenye mfuko wa karatasi, akakiweka kwenye rafu ya kioo, kati ya chanuo na poda ya shingo. Kilikuwa kikombe cha bati, cha buluu, kimebanduka rangi kwenye mkono, na sasa kina kovu jipya pembeni.

"Zawadi kutoka jijini," alisema. "Tumeona kopo lako la povu limechoka. Kuanzia leo ukorogee humu."

"Humuhumu," alisema Fundi Saa.

Shemeji akajilaza kitini, akanyoosha shingo. Jiji akatia maji ya moto kwenye kikombe. Akatia sabuni. Brashi ikazunguka, povu likapanda, na harufu yake ikamjaa puani mpaka macho yakamwasha. Alimpaka Shemeji mashavu yote mawili na koo. Koo lilikuwa pale, limenyooka, limetulia kabisa, maana Shemeji alijua haliguswi.

"Hebu waambie watu," alisema Shemeji, macho ameyafumba, "lile la mlinzi wa getini."

"Lipi hilo?" watu wakauliza.

Wembe ukashuka shavuni taratibu. "Kulikuwa na tapeli mmoja," alisema Jiji. "Mzee hivi. Alijifanya ananijua."

"Enhe. Tukamfanyaje?"

Jiji akausuza wembe ndani ya kikombe. Watu wote walikuwa wamemwelekea, na hata aliyekuwa mlangoni alisogeza kiti. Kabla ya neno la mwisho akasita, akawatazama mpaka roho ziwaume, kama alivyofundishwa, kisha akalisema, na saluni nzima ikaangua kicheko.